Kadi Iliyotumika Kaliua

SEHEMU YA TISA

Wiki iliyopita tulitoka ofisini kwa Marcelina, afisa mikopo, wakati ameigeuza kompyuta yake ili Shamimu ajionee mwenyewe. Leo tunaingia humo humo, na Shamimu bado hajapata sauti.

"Soma," Marcelina alimwambia. "Jana mchana. Kaliua."

Shamimu alisoma. Akarudia. Jina lilikuwa lake, Shamimu Nassibu. Tarakimu za mwisho za kadi zilikuwa za kadi yake. Na mahali ilipotumika paliandikwa duka la vifaa vya umeme, Kaliua.

"Jana mchana nilikuwa Isevya nafuma sweta," alisema. "Kaliua sijakanyaga tangu nitoke kwenye kampuni ya tumbaku."

"Basi kuna aliyekwenda kwa niaba yako."

Kwa wewe unayeanza nasi leo, Shamimu ni binti wa Gongoni, hapa hapa mjini Tabora. Alipoajiriwa na kampuni ya tumbaku, benki ilimpa kadi ya mkopo, ile ya kununua leo na kulipa mwisho wa mwezi. Akanunua. Simu kubwa, makochi ya nyumbani kwao, sare za harusi ya binamu. Kampuni ilipopunguza watu mshahara ukakatika, deni likabaki likizaa riba. Jina lake likaingia kwenye kumbukumbu za wasiolipa, na kila alikokwenda kuomba mkopo walimtazama kwenye kompyuta, wakamrudishia kitambulisho chake.

Miaka mitatu amefuma sweta za wanafunzi kwa mashine ya kukodi, mtaa wa Isevya. Amekula mihogo ya kuchemsha mchana na jioni. Deni la kadi akalimaliza. Benki ikamshauri asiifunge hesabu: apewe kadi mpya, aitunze, akiitumia basi kidogo na alipe kwa wakati, jina lizidi kusafika. Na leo alikuja kuchukua mkopo wa mashine yake mwenyewe, kwa kuwa shule moja ya sekondari ilikuwa tayari kumpa kazi ya sweta za kidato cha kwanza wote.

Sasa kompyuta inasema Kaliua.

"Na si jana tu," Marcelina aliendelea, akishusha orodha kwa kidole. "Kuna friza. Kuna jenereta. Jana ni mizani. Kiwango chote cha kadi kimekwisha, na miezi miwili hakijarudi hata senti. Taarifa zimeshakwenda kwenye kumbukumbu za wakopaji. Jina limechafuka upya, mdogo wangu."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tumekutumia ujumbe kila mara. Namba si hii?"

Shamimu aliitazama. Ilikuwa laini yake ya zamani. "Hiyo nilimwachia mama. Mama hasomi meseji."

"Na mkopo wa mashine," aliuliza baadaye, ingawa jibu alilijua, "hauwezi kupita?"

"Kwa jina hili, hapana."

Marcelina alinyanyuka akafunga mlango. Alikuwa mwanamke wa makamo, msalaba mdogo shingoni, na ndiye aliyemshika mkono Shamimu tangu siku ya kwanza alipoleta malipo ya sarafu na noti zilizokunjamana.

"Nisikilize vizuri," alisema. "Kama kadi uliitoa kwa hiari yako, deni ni lako, lilipe. Kama imeibwa, nenda polisi ukafungue jalada, halafu niletee jina la unayemshuku. Kadi naifunga sasa hivi. Nitaandika malalamiko, na wakiridhika kwamba si wewe, jina lako linasafishwa lote."

"Na huyo aliyetumia?"

"Huyo atakuwa wa polisi. Lakini jina nilipate kabla hatujafunga ofisi kesho. Keshokutwa mafaili yanakwenda makao makuu, na lako likishatoka bila malalamiko, kulirudisha ni kazi ya mwaka mzima. Hata kama uko njiani, nipigie."

Shamimu alisimama.

"Kadi mpya ilichukuliwa na nani hapa dirishani?" Marcelina alimuuliza. "Si wewe. Naona barua ya ruhusa."

"Nilikuwa nimelazwa hospitali ya Kitete. Malaria." Shamimu aliutazama mlango. "Alikuja Majidi. Mchumba wangu."

Majidi ni dereva wa lori. Na lori lake, msomaji wangu, hubeba tumbaku kutoka Kaliua.

* * *

Alimkuta nje, chini ya kibaraza cha benki, soda mbili mkononi. Alikuwa amevaa shati la kupiga pasi. Alikuja kusherehekea.

"Tumepata?" aliuliza.

"Jana ulikuwa wapi, Majidi?"

"Kaliua. Si nilikuaga?"

"Mchana?"

"Mchana nilikuwa napakia mzigo. Kwani nini?"

"Bahasha ya kadi yangu uliipeleka wapi?"

Majidi alicheka kidogo, kisha akaona uso wake, akaacha. "Bahasha ipi? Ile ya mwaka huu mwanzoni? Nilimpa mama yako, mkono kwa mkono. Akaniuliza hali yako hospitali, akanipa maji ya kunywa. Ulisema aiweke sandukuni, nikamwambia aiweke sandukuni."

"Ulimpa bahasha au ulimpa bahasha na kadi ndani?"

Mlinzi wa benki aligeuza shingo. Majidi aliziweka soda chini, polepole, moja baada ya nyingine.

"Sema unachotaka kusema."

"Kadi yangu imenunua friza Kaliua. Imenunua jenereta. Jana imenunua mizani. Wewe jana ulikuwa Kaliua. Wewe ndiye uliyeichukua dirishani pamoja na namba yake ya siri. Nikuulize nini kingine?"

Majidi alimsogelea karibu. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, kama anamweleza mtu habari ya msiba.

"Nilipopeleka posa kwenu, kaka zangu waliniita. Wakaniambia, unakwenda kuoa deni. Wakaniambia mwanamke ambaye benki imemwandika vile atakuuzia hadi kitanda. Nikawajibu, nikasema huyu ninamjua, huyu analipa. Sikukuambia kwa sababu sikutaka uumie." Alipangusa mikono kwenye suruali. "Leo unaniita mwizi mbele ya mlinzi."

"Majidi, mimi nauliza tu."

"Hujauliza. Umeshahukumu. Nenda nyumbani kafungue sanduku."

Akaondoka. Soda aliziacha pale pale kwenye saruji.

* * *

Bi Batuli alikuwa uani akipepeta mchele. Binti yake alipita bila kusalimia, jambo ambalo halijapata kutokea nyumba ile, akaingia chumbani na kutoa sanduku la bati chini ya kitanda.

"Mama, ufunguo."

"Kuna nini, mwanangu? Umeshindwa hata kuniamkia?"

"Shikamoo mama. Ufunguo, naomba."

"Marahaba." Bi Batuli alifungua fundo la khanga yake akautoa.

Bahasha ilikuwepo. Ilikuwa chini kabisa, chini ya vitenge vya arusi vya mama, imebanwa pini kama ilivyotoka benki. Shamimu alishusha pumzi. Kwa kitambo kifupi alimwona Majidi akiondoka na shati lake la pasi, na aibu ikampanda hadi masikioni.

Kisha akaibonyeza bahasha. Kilichokuwa ndani kilikuwa kigumu, ila si kigumu vya kutosha.

Alichomoa pini. Kikaanguka kipande cha boksi la sabuni, kimekatwa kwa mkasi vizuri, urefu na upana wa kadi.

Bi Batuli alikuwa amesimama mlangoni, ungo bado mkononi.

"Mtu aliyefanya hivi alikaa chini," Shamimu alisema. "Alipima. Alikata. Akabana pini upya. Alijua nitakuja kupapasa juu juu, niridhike, niende zangu." Aliinua macho. "Ufunguo wa sanduku hili unakaa kwa nani?"

"Kwangu."

"Na kwa nani mwingine?"

Bi Batuli aliutazama ungo. "Baba yako anao wake."

"Baba yuko wapi?"

"Si unajua? Amefuata mbao."

"Wapi, mama?"

"Kaliua."

Mzee Nassibu ni fundi seremala, na vitanda vyake vya mninga vinajulikana Tabora nzima. Kila baada ya majuma mawili hupanda basi kwenda Kaliua kuchagua mbao kwa mkono wake. Tangu Shamimu ana akili zake, baba amekuwa akienda Kaliua, na hakuna mtu aliyewahi kujiuliza kwa nini mbao zinachukua siku tatu.

Lakini si mbao zilizomkalisha Shamimu kitandani siku ile. Alikumbuka jioni ya aibu yake, deni la kwanza lilipojulikana. Baba aliwaita wajomba na mashangazi, wakajaa sebuleni kwenye makochi yale yale aliyoyanunua yeye. Akamwamuru aitoe kadi. Akaikata kwa mkasi mbele ya wote, vipande vikaanguka kwenye mkeka. "Nyumba hii haijapata kula cha mtu," alisema. Shamimu alipiga magoti akaomba radhi kwa kila mmoja, mpaka kwa watoto wa shangazi aliowalea mgongoni. Na kwa miaka mitatu baba hakumwamini hata kumtuma chumvi.

"Alinikatia kadi mbele ya watu," alisema sasa. "Halafu akaja kuchukua nyingine kwa siri."

"Usiseme hivyo juu ya baba yako."

"Kesho asubuhi nakwenda Kaliua."

Hapo ndipo Bi Batuli alipoweka ungo chini. Alimshika binti yake kiganja, akakibana.

"Usiende. Msubiri arudi, nitazungumza naye mimi. Hilo deni nitakulipia kidogo kidogo. Nina pete zangu, nina vitenge."

"Kwa nini ulipe wewe, mama?"

Mama alilia tu, na Shamimu akamkumbatia, akiamini analia kwa ajili ya mume aliyewatia aibu.

* * *

Basi liliondoka asubuhi. Lilipita Urambo, likazidi kushika njia ya magharibi, njia ile ile iliyopitwa na misafara ya zamani kwenda Ujiji, na wapagazi wa Kinyamwezi wakiwa na mizigo isiyo yao vichwani. Shamimu hakuwa na macho ya kutazama nje. Alimpigia Majidi. Simu iliita ikakatwa. Akapiga tena. Ilikuwa imezimwa.

Duka la vifaa vya umeme halikuwa gumu kupatikana. Mwenye duka, mtu mnene aitwaye Adriano, alikuwa akifungua boksi la pasi za umeme.

"Mwangaluka," mwenye duka alimsalimia kwa Kinyamwezi.

"Mwangaluka. Samahani, kaka. Juzi kuna mtu amenunua mizani hapa kwa kadi ya benki."

"Ndiyo. Ana friza yangu pia. Imeharibika?"

"Haijaharibika. Nataka kujua ni nani."

Adriano alimpima kwa macho. "Wewe ni nani yake?"

"Kadi ni yangu. Naitwa Shamimu Nassibu."

Yule mtu alicheka kwa wema kabisa, kama aliyeambiwa utani.

"Dada, Shamimu Nassibu ninamjua. Kila siku nanunua sato kwake. Wewe siye."

Shamimu alitoa kitambulisho chake cha taifa akakiweka juu ya meza. Adriano alikisoma, akakigeuza nyuma, akakisoma tena. Kicheko kilimwisha.

"Haya mambo gani," alisema. "Na yeye alinionyesha chake. Kadi inasema Shamimu Nassibu, kitambulisho kinasema Shamimu Nassibu, namba ya siri anaijua. Ningemkatalia kwa lipi?"

"Anakaa wapi?"

"Nyuma ya stesheni. Nyumba yenye mlango wa buluu. Utasikia jenereta."

* * *

Aliisikia kabla ya kuiona.

Mlango ulikuwa wazi. Barazani palikuwa na meza ya samaki, mizani mpya inang'aa juu yake, na nyuma ya meza binti mmoja akipara magamba. Binti aliinua uso. Shamimu akahisi kama amepita mbele ya kioo cha zamani. Paji lile pana lilikuwa lake. Hata mwanya wa mbele ulikuwa wake. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa mdogo kwa miaka mitano au sita, na macho yake hayakuwa na uchovu.

Kisu kikamponyoka. Alijifuta mikono haraka kwenye khanga, akazunguka meza, akaja akamkumbatia, harufu ya samaki na yote.

"Dada," alisema. "Umekuja. Nilijua utakuja siku moja. Picha yako ninayo."

Shamimu alisimama kama mti. "Wewe ni nani?"

"Mimi? Mimi Shamimu." Yule binti alicheka, akaona aibu kidogo. "Najua, jina moja. Hapa wananiita Shamimu wa samaki. Dada, sijui nikushukuru vipi. Ile kadi imeniokoa. Mama alipofariki nilibaki sina hata pa kuanzia, na wewe hunijui, hujaniona, ukanitumia hela ya biashara. Nani anafanya hivyo siku hizi?"

"Nikakutumia," Shamimu alirudia.

"Nani huyo barazani?" sauti ya kiume iliuliza kutoka ndani.

Na Mzee Nassibu akatokea, msuli kiunoni, kikombe cha chai mkononi, kama mtu aliye kwake. Alimwona binti yake wa kwanza. Chai ilimwagika kwenye kidole gumba cha mguu na hakushtuka.

"Shikamoo baba," Shamimu alisema, kwa kuwa mdomo ulizoea.

Hakuitikia.

"Mbao umepata?"

"Shamimu," baba alisema, na wasichana wote wawili waligeuka. Alifumba macho. "Wewe mdogo. Nenda kateke maji."

"Baba, maji yamejaa."

"Nenda."

Yule binti aliwatazama kwa zamu, akaokota ndoo, akatoka.

Walibaki wawili. Jenereta ilinguruma nyuma ya nyumba. Mzee Nassibu aliketi kwenye kigoda cha kuuzia samaki, na kwa mara ya kwanza Shamimu alimwona ni mtu mfupi.

"Mama yake aliitwa Kulwa," alisema. "Nilimuoa kwa sheria, sikuzini. Nilikuja kufuata mbao, nikapata na nyumba. Amefariki mwaka jana."

"Na jina?"

"Bibi yako aliyenizaa alikuwa Shamimu. Nilipopata binti kule nikampa jina la mama yangu. Nilipopata binti huku, sikuwa na mama mwingine wa kumpa."

"Kwa hiyo nilipokuwa nagawana jina na mtu, mimi peke yangu ndiye ambaye sikujulishwa."

"Ningekueleza."

"Lini? Baada ya friza au baada ya jenereta?" Hakupandisha sauti. Alikuwa ameisubiri hasira njia nzima kwenye basi, na badala yake lilikuja jambo baridi, zito, likamkalia kifuani. "Baba, ulinipigisha magoti. Uliita watu. Nimekula mihogo miaka mitatu ili jina hili lisafike, na kila mwezi nilikuwa nakuletea risiti ya benki uone. Ulikuwa unazitazama huku unawaza nini?"

Mzee alishika kikombe kitupu kwa mikono miwili.

"Kadi uliichukua wewe?" Shamimu alimuuliza.

Mzee aligeuzageuza kikombe.

"Baba. Nijibu. Kipande cha boksi ulikikata wewe?"

Mzee Nassibu alitazama upande alikoelekea binti mdogo, kisha akatazama chini.

"Ni mimi," alisema. "Andika hivyo. Ni mimi."

"Unajua nikiandika hivyo kinafuata nini?"

"Najua."

"Ni polisi, baba. Watakufuata karakanani kwako."

"Waje."

Shamimu alisogea hadi ukingoni mwa baraza. Jua lilikuwa limeanza kuinama upande wa stesheni, na Tabora benki ilikuwa karibu kufungwa. Aliyafikiria yote kwa pamoja: ile kazi ya sweta, mashine aliyoiona kwenye picha hadi akaijua kila sindano, Majidi na soda zake kwenye saruji. Asipotoa jina, atakuwa ameipokea friza ile kuwa yake, na miaka mitatu mingine ya mihogo. Akitoa, amemfunga mtu aliyemfundisha kusoma saa.

Alikumbuka vipande vya kadi kwenye mkeka. Akabonyeza namba.

"Marcelina hapa. Nimekusubiri, mdogo wangu. Umempata?"

"Nimempata."

"Amekiri?"

"Amekiri."

"Pole. Najua si rahisi. Kalamu ninayo, nitajie jina."

Baba alikuwa amesimama nyuma yake, ameegemea mlango wa buluu. Hakumwomba amsamehe. Aliinamisha kichwa mara moja tu, kumruhusu.

"Nassibu," Shamimu alisema. "Nassibu Uwesu. Ni fundi seremala, karakana yake iko Isevya."

"Nassibu. Ni ndugu yako?"

"Ni baba yangu."

Ndoo ilianguka. Maji yalitiririka hadi miguuni mwao. Shamimu mdogo alikuwa amerudi, na alikuwa amesikia ya kutosha.

"Unamtaja baba kwa nini?" aliuliza. "Unamtaja kwa nani?"

"Ingia ndani," Mzee Nassibu alimwambia.

"Siingii. Dada, huyo unayeongea naye ni benki? Kadi haikuwa zawadi?"

"Haikuwa zawadi," Shamimu alisema. "Iliibwa. Baba aliiiba sandukuni akakuletea."

Yule binti alimtazama baba yake, mdomo wazi. Kisha akatingisha kichwa, kwanza taratibu, halafu kwa nguvu.

"Baba hakuniletea kadi. Baba aliijua kadi juzi tu, alipoikuta mizani. Alinigombeza usiku mzima, akataka turudishe kila kitu dukani."

"Nyamaza wewe," mzee alisema. Haikuwa amri. Alikuwa anamsihi. "Mwanangu, nyamaza. Nimeshasema ni mimi, yamekwisha."

"Siwezi kunyamaza ukafungwa kwa kitu ambacho hukukifanya." Machozi yalimtoka lakini maneno hayakusita. "Dada, aliyeniletea alikuja na treni. Alilala kwangu, chumba kile. Alinipikia. Namba ya siri alinifundisha yeye, akanikaririsha mpaka nikaishika. Akasema wewe umeridhia, ila nisikupigie simu, kwa sababu wewe ni mtu wa haya. Akasema nimwite mama."

"Nani?"

"Mama Batuli."

Alimgeukia baba yake. Alimtazama kwa macho ya kumwomba akanushe, acheke, amkaripie binti yule kwa uongo. Mzee Nassibu alikuwa ameinamisha uso kwenye fremu ya mlango, na mabega yake yalikuwa yanatikisika.

Kwenye simu, mbali, kalamu ilisikika ikigonga meza.

"Upo, mdogo wangu?" Marcelina alisema. "Hapa nimeshaandika Nassibu. Nifunge faili, au kuna jina jingine?"